Mwamuzi wa Mezani: Sheria, Busara na Dadu

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa mjumbe wa kamati iliyosikiliza rufaa za wanafunzi katika chuo ambacho sitakitaja. Alasiri moja tuliletewa majalada mawili yaliyofanana kama shilingi kwa ya pili. Wanafunzi wote wawili walikuwa wamechelewa kumaliza ada, wote wawili walikuwa wamezuiwa kufanya mtihani, na wote wawili walieleza kwamba mzazi alikuwa mgonjwa. Wa kwanza tulimruhusu. Muhtasari wa kikao unasema tulitumia “busara ya kamati”. Wa pili tulimkatalia. Muhtasari ule ule, katika ukurasa unaofuata, unasema “taratibu haziruhusu”. Hakuna aliyetoa rushwa, wala hakuna aliyepiga simu. Baba wa yule wa kwanza alikuwa akifahamika kwa mjumbe mmoja, ambaye alitueleza kwa moyo safi hali ya familia ile. Wa pili hakuwa na wa kumsemea. Mara zote mbili nami niliinua mkono kuunga uamuzi.

Jambo hilo lilinikaa moyoni kwa muda mrefu bila kupata jina. Nilikuja kulielewa mahali ambapo sikutarajia: katika ukumbi wa michezo ya mezani mjini Indianapolis, Marekani, na baadaye katika kuisoma historia ya michezo hiyo. Naisimulia hapa kwa sababu ndani yake limo swali ambalo wanafunzi wangu huniuliza kila mwaka kwa namna moja au nyingine: je, ni afadhali mwananchi atawaliwe na kanuni zilizoandikwa, au na busara ya mwenye madaraka?

Kwanza nieleze mchezo wenyewe. Watu wanne, watano au sita huketi kuizunguka meza. Kila mmoja huchukua nafasi ya mhusika mmoja, tuseme askari, tabibu, mchawi au mwizi, na kunena na kutenda kwa niaba yake. Mmoja wao hana mhusika. Huyo ndiye mwamuzi. Yeye huieleza hali: mmefika kwenye lango lililofungwa, usiku unaingia, mlinzi anawatazama, mnafanya nini? Wachezaji husema wanalotaka kufanya, naye huamua linalotokea. Palipo na mashaka hurushwa dadu, na mara nyingi ni dadu yenye nyuso 20. Mwamuzi ni msimulizi, ni hakimu, na ni sauti ya kila mtu mwingine aliyemo katika ulimwengu ule wa kubuni. Ni vigumu kufikiria mamlaka yaliyo mapana zaidi ya hayo juu ya watu watano.

Mwenzangu mmoja wa masomo alinipeleka Gen Con, mkutano wa kila mwaka wa wachezaji wa michezo ya aina hii. Niliketi na watu ambao sikupata kuwaona kabla ya siku ile, nikapewa karatasi ya mhusika aliyekwisha kuandaliwa, na tukawa na saa nne za kucheza. Tulipofika kwa mlinzi wa lango, wenzangu walitaka kupigana. Mimi, kwa malezi yetu, niliomba nimsalimie kwanza, nimuulize habari za nyumbani kwake na kama mshahara wake unafika kwa wakati. Kitabu cha kanuni hakikuwa na neno juu ya salamu ndefu. Mwamuzi, mama wa makamo aliyekuwa akijitolea, alifikiri kidogo, kisha akasema mbele ya wote: “Ukipata 14 au zaidi, atafungua.” Nikarusha. Nikapata 9. Lango halikufunguliwa.

Sikuwa na kinyongo hata chembe, na usiku ule nilijiuliza kwa nini. Nilikuwa mgeni mezani pale, lafudhi yangu ilikuwa ngeni, na ombi langu halikuwamo kitabuni. Hata hivyo nilihisi nimetendewa haki. Yule mama alikuwa ametumia busara yake, kwani hapakuwa na kanuni ya kufuata. Lakini aliitangaza namba kabla dadu haijarushwa, akaitangaza kwa sauti, na kila aliyekuwapo aliona nilichopata. Nikayakumbuka yale majalada mawili. Sisi tuliitaja kanuni yetu baada ya kuona dadu imeangukaje.

Mamlaka ya mwamuzi huyu hayakuzaliwa katika burudani. Yalizaliwa jeshini. Mwaka 1806 Napoleon aliivunja Prussia huko Jena, na maofisa wa dola ile wakaanza kutafuta njia mpya za kufundisha vita. Mwaka 1812 mtu mmoja wa ukoo wa kikabaila, von Reisswitz, alimwonyesha mfalme meza ya mchezo wa vita. Mwanawe, ofisa wa mizinga, aliukamilisha na kuuchapisha mwaka 1824. Mchezo ulichezwa juu ya ramani halisi. Pande mbili hazikuonana. Ziliandika amri na kumpelekea mwamuzi aliyekaa katikati, naye aliziambia yale tu ambayo kamanda aliyeko vitani angeweza kuyaona. Hasara za kila shambulio zilikokotolewa kwa dadu na majedwali. Jenerali von Müffling, mkuu wa majeshi, aliingia kuutazama akiwa na mashaka, akatoka akiupendekeza kwa jeshi zima.

Kanuni zilikuwa nyingi na hesabu zilichosha. Mwaka 1876 ofisa mwingine wa Kijerumani, Julius von Verdy du Vernois, alitoa pendekezo lililobadilisha mambo: majedwali yawekwe kando, na mwamuzi aliyebobea katika vita aamue kwa ujuzi wake. Tangu hapo pakawa na njia mbili, mchezo wa kanuni na mchezo huru. Hoja ya Verdy ilikuwa nzito. Hakuna kitabu kinachoweza kutabiri kila hali, na mtu mwenye uzoefu huona kwa dakika moja jambo ambalo jedwali halilioni kamwe. Kila mtumishi wa umma aliyewahi kukwama kwa sababu fomu haikuwa na kisanduku kinachofaa atamwelewa.

Lakini mwamuzi wa Verdy alikuwa ofisa mkubwa, na wachezaji wake walikuwa maofisa wadogo. Busara ilishuka kutoka juu. Je, itakuwaje pale mchezaji anapokuwa mkubwa kuliko mwamuzi? Historia ya jeshi hilo hilo imetupa jibu. Katika mazoezi makuu ya kila mwaka, yaliyofanyika nyikani kwa askari wa kweli chini ya macho ya waamuzi, Kaisari Wilhelm wa Pili alipenda kuongoza upande mmoja, na upande wake ulizoea kushinda. Ndiye Kaisari yule ambaye sura yake ilikuwa kwenye rupia za babu zetu wa Afrika Mashariki ya Kijerumani. Moltke kijana alipokabidhiwa ukuu wa majeshi mwaka 1906, alikuwa ameshikilia sharti kwamba Kaisari akome kuyaingilia mazoezi hayo. Waamuzi hawakukosa ujuzi. Walijua vyema nani anapaswa kushindwa. Walichokosa ni uwezo wa kulisema mbele ya mtu waliyemfahamu mno.

Kutoka hapo historia yetu inavuka bahari. Mwaka 1880 ofisa wa jeshi la Marekani, Charles Totten, alichapisha kitabu cha mchezo wa vita alichokiita Strategos. Kikasahaulika. Takriban miaka 90 baadaye kijana wa Minnesota, David Wesely, alikikuta katika maktaba ya chuo kikuu na kuvutiwa na wazo lake kwamba mchezaji anaweza kujaribu lolote, na mwamuzi ndiye wa kuamua matokeo. Karibu na mwaka 1969 Wesely aliwaandalia rafiki zake mchezo uliofanyika katika mji wa kubuni wa Kijerumani, Braunstein, wakati wa vita vya Napoleon. Majeshi mawili yalikuwa yakiukaribia mji. Lakini kwa kuwa wachezaji walikuwa wengi kuliko majenerali, aliwapa wengine nafasi za wakazi: meya, mwenye benki, mkuu wa chuo kikuu.

Kilichofuata kilimvuruga. Wachezaji walijitenga vyumbani, wakanong’onezana, wakafanya mapatano ambayo hakuyapanga, na vita vyenyewe vikasahaulika. Wesely aliamini mchezo umemshinda. Rafiki zake wakamtaka aandae mwingine. Mimi naitazama jioni ile kama tukio dogo la kisiasa. Kwa zaidi ya karne moja na nusu mchezo wa vita ulikuwa umemuuliza jenerali anataka nini. Kwa mara ya kwanza mtu akamuuliza raia wa mji unaokaribiwa na majeshi yeye anataka nini, na ikaonekana kwamba raia ana majibu mengi kuliko jenerali. Wesely alipoitwa jeshini, mmoja wa wachezaji wake, Dave Arneson, aliendeleza mtindo huo katika nchi ya kubuni aliyoiita Blackmoor.

Mahali palipoyaunganisha yote haya palikuwa mkutano wa wachezaji. Mwezi Agosti 1968, katika mji mdogo wa Lake Geneva, jimbo la Wisconsin, Gary Gygax alikodi ukumbi kwa dola 50 na kuwaita wapenzi wa michezo ya vita. Walifika watu kama mia moja. Huo ndio ulikuwa mwanzo wa Gen Con, jina lililotokana na Lake Geneva huku likiuchezea pia Mkataba wa Geneva wa sheria za vita. Mwaka uliofuata, katika mkutano wa pili, Gygax alikutana na Arneson. Gygax alipoteza kazi yake ya bima mwaka 1970 na kwa muda akawa anatengeneza viatu ili aitunze familia yake. Mwaka 1974 wawili hao walitoa Dungeons & Dragons: vijitabu vitatu ndani ya kisanduku, nakala 1,000 za kwanza, bei dola 10.

Vijitabu vile vilikuwa na mapengo mengi. Havikuwa na shida kwa watu wa Lake Geneva, kwani waliyajaza mapengo kwa mazoea. Nyumbani, mwamuzi ni rafiki yako. Mlikula pamoja jana na mtacheza tena wiki ijayo. Akikosea leo, atarekebisha kesho. Busara inatosha pale ambapo watu wanajuana na wataendelea kuishi pamoja. Ndiyo maana mabaraza ya wazee katika vijiji vyetu yaliweza kuamua mengi bila karatasi.

Mkutanoni hali ni nyingine. Mwamuzi ni mgeni, wachezaji ni wageni, na baada ya saa nne kila mtu anakwenda zake. Swali hili lilikuja kwa nguvu mwaka 1975, katika mkutano wa kwanza wa Origins uliofanyika Baltimore. Gygax alipeleka huko mashindano ya Dungeons & Dragons kwa hadithi ya kaburi la kutisha, Tomb of Horrors. Makundi mbalimbali yangepita katika kaburi lile lile, kisha yalinganishwe. Utaamuaje nani amefanya vizuri ikiwa mwamuzi wa meza hii ni mpole na wa meza ile ni mkali? Ilibidi vyumba viandikwe, mitego iandikwe, na wahusika waandaliwe kabla. Hadithi hiyo ilipochapishwa kwa umma mwaka 1978, iliambatana na kijitabu cha picha za kuwaonyesha wachezaji, ili kila meza ione kitu kile kile. Mnamo miaka hiyo hiyo ya mwisho wa 1970 Gygax alitoa vitabu vinene vya kanuni vilivyokusudiwa kuwa kipimo kimoja kwa meza zote.

Nisiifanye hadithi hii kuwa nzuri kuliko ilivyokuwa. Kanuni moja kwa wote ilikuwa pia bidhaa moja kwa wote, na kampuni ya Gygax ilikuwa na faida ya kuilinda. Mwaka 1979 Arneson aliishitaki kampuni hiyo akidai haki yake katika vitabu hivyo vipya. Shauri lilimalizika kwa mapatano mwaka 1981. Wenye kuandika kanuni mara chache huandika kwa ajili ya haki peke yake. Hata hivyo, mgeni anayefika mezani bila rafiki hufaidika na kanuni iliyoandikwa, hata kama mwandishi wake alikuwa akihesabu fedha.

Waandaaji wa mikutano walijifunza jambo jingine ambalo majenerali wa Prussia hawakulifikiria. Mwaka 1980 kiliundwa chama cha wachezaji kilichosimamia mashindano mikutanoni, na ukawa utaratibu wa kawaida kwamba mchezo ukiisha, wachezaji wanampa mwamuzi wao alama. Mwenye kuhukumu alihukumiwa na waliohukumiwa. Lakini ulinzi mkubwa kuliko wote haukuwa umeandikwa popote: kiti hakikufungwa kwenye sakafu. Mchezaji anayeona ameonewa anaweza kuinuka na kwenda meza nyingine. Mwamuzi asiye na wachezaji si mwamuzi tena. Ni mtu aliyekaa peke yake na dadu zake.

Nguvu hii ya kuondoka ilionekana hata nje ya ukumbi. Gen Con, ambayo ilihamia Indianapolis mwaka 2003, ilipofika Machi 2015 mkuu wake alimwandikia gavana wa Indiana, Mike Pence, kuhusu mswada wa uhuru wa dini ambao wengi walihofia ungehalalisha kuwabagua wateja. Alisema kwamba sheria hiyo ingeathiri uamuzi wa kuendelea kufanya mkutano jimboni humo. Gavana alitia saini. Makampuni na taasisi nyingi zikapaza sauti, na katika muda wa siku chache sheria ikarekebishwa. Mwenye uwezo wa kuondoka husikilizwa.

Sasa tumtazame asiyeweza kuondoka. Katika jimbo la Wisconsin, jimbo lile lile lililozaa Gen Con, lipo gereza la Waupun. Mwaka 2004 uongozi wa gereza ulipiga marufuku mchezo huu na kumnyang’anya mfungwa mmoja vitabu vyake pamoja na mswada wa kurasa 96 alioutunga kwa mkono. Mfungwa alikwenda mahakamani. Miongoni mwa hoja za gereza ilikuwa kwamba mchezo una mtu mmoja anayewaelekeza wengine, na kwamba mpangilio huo unafanana na wa genge. Mfungwa alileta viapo vya wafungwa wenzake na vya wajuzi wa michezo kwamba madhara hayo hayakuwapo. Januari 2010 Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa 7 iliamua kwa upande wa gereza: ujuzi wa ofisa wake wa masuala ya magenge ulitosha, na haikuwa lazima kusubiri madhara yatokee.

Siwacheki majaji wale, wala siudharau mzigo wa askari magereza. Lakini tazama jinsi mambo yalivyopindana. Gereza lilimwogopa mwamuzi wa mezani kwa kuwa ana madaraka juu ya wenzake, ilhali wenzake wangeweza kuukataa uamuzi wake kwa kuinuka tu na kurudi vyumbani. Nalo likamzuia kwa madaraka ambayo hakuna mfungwa anayeweza kuyainukia. Busara ya ofisa mmoja ilishinda viapo vya wengi, na meza nyingine ya kwenda haikuwapo.

Hapa ndipo ninapoachana na wale wanaosema kanuni ni bora daima, na pia na wale wanaosema busara ni bora daima. Verdy alisema kweli: hakuna kitabu kinachotosha. Yule mama wa Indianapolis asingeweza kunijibu kama angelazimishwa kusoma kitabu tu. Lakini busara yake ilizungukwa na mambo ambayo sisi maofisini tunayachukulia kama adabu za ziada: namba ilitajwa kabla, ilitajwa wazi, wote waliona, na mimi ningeweza kuondoka. Mwananchi anayesimama mbele ya dirisha la ofisi ya ardhi, ya leseni au ya mikopo ya wanafunzi hana hilo la mwisho. Hakuna ofisi nyingine ya ardhi mtaa wa pili. Kwa hiyo yale matatu yaliyobaki tunadaiwa maradufu.

Kwa wanaharakati nasema: msidai tu kwamba ofisa afuate kanuni, kwani ofisa mjanja anaweza kumwonea mtu huku akiisoma kanuni kwa sauti. Daini namba itajwe kabla ya dadu. Kwa watumishi wa umma nasema: mnapotumia busara, iandikeni sababu yake kwa sentensi moja ambayo jalada linalofuata linaweza kuitumia. Sababu isiyoweza kuandikwa mara nyingi ni jina la mtu.

Nilipendekeza jambo hilo katika kamati yetu muhula uliofuata. Mjumbe mmoja, mzee ninayemheshimu, alipinga. “Mwalimu,” aliniambia, “utatufunga mikono, na siku moja atakuja mtoto wa maskini mwenye shida ambayo hakuna aliyeiwaza.” Alikuwa na haki ya kuogopa, nami nilimjibu kwamba mtoto huyo alikwishakuja, alikuwa jalada la pili. Pendekezo lilipita kwa kura chache. Tangu siku hiyo, kila tulipotumia busara, katibu aliandika sababu, na mara mbili nilishuhudia sababu hiyo ikimsaidia mwanafunzi ambaye hakuna aliyemjua.

Yule wa jalada la pili hakurudi chuoni.